Karani wa Pamba

Nchi ninayoisimulia haipo. Kama ipo, basi si hii yetu. Kama ni hii yetu, basi mambo haya hayakutokea, na kama yalitokea, basi mimi sikuwepo. Nilikuwa mlangoni tu, nimebeba pamba.

Mawakili wa nchi hiyo, wale wanaotetea washtakiwa wa wizi, ngumi na kadhalika, walikuwa na desturi moja nzuri sana. Mteja akiingia ofisini na kufungua mdomo, wakili aliziba masikio kwa viganja viwili na kusema, "Usiniambie." Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yao. Nembo ya chama chao ilikuwa kichwa cha mtu chenye viganja masikioni. Hata wahitimu wapya wa sheria walikula kiapo wakiwa wameziba masikio, kwa hiyo hakuna wakili aliyewahi kujua kiapo chenyewe kinasemaje.

Sababu yao ilikuwa ya heshima kabisa. Wakili akijua kwamba mteja ameiba kuku, hawezi tena kusimama mbele ya hakimu na kusema kuku aliondoka kwa hiari yake. Asipojua, anaweza kusema hata kwamba kuku ndiye aliyemwiba mteja. Mteja alimficha wakili, wakili akamshukuru mteja kwa kumficha, na wote wawili wakaenda mahakamani na nyuso safi.

Bingwa wa desturi hiyo alikuwa Wakili Mansuri Kitojo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameziba masikio kwa bidii mpaka yakalala bapa kichwani. Siku moja alimtetea mwizi wa baiskeli, akaiambia mahakama kwa sauti ya kuliza watu kwamba siku ya tukio mteja wake alikuwa wodi ya wazazi akijifungua mapacha. Mteja alikuwa mwanamume mwenye ndevu. Kitojo hakuwa amelijua hilo, maana alikuwa na mazoea ya kufumba na macho pia.

Magazeti yalicheka wiki nzima. Waziri wa Ukweli na Mambo Yanayofanana Nao hakucheka hata kidogo.

*

Waziri huyo, Mheshimiwa Dakta Sudi Makeke, alikuwa kiongozi tuliyempenda kwa mujibu wa waraka. Aliitisha mkutano uwanjani, akapandishwa kwenye kiti kikubwa cha mninga, kiti cha ukubwa wa Serikali, na miguu yake ikaning'inia hewani ikipunga mbele na nyuma. Sisi wananchi tulifurahi kuona jinsi kiongozi wetu anavyochangamka hata miguuni.

"Ndugu wananchi," alisema, "uongo kati ya wakili na mteja ni uongo mbichi. Serikali haiwezi kukaa ikitazama uongo mbichi. Kuanzia leo mteja atamwambia wakili wake kweli. Wakili atamwambia mteja wake kweli. Na kweli hizo zitapigwa muhuri."

Tulipiga makofi kwa dakika kumi na nne kama ratiba ilivyoagiza. Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Waziri mwenyewe, kwa sababu ya Itifaki. Itifaki ilikuwa waraka alioutunga na kuusaini kwa mkono wake baada ya mtu mmoja kupiga chafya kabla yake kwenye sherehe. Ulisema kwamba hakuna raia atakayemtangulia Waziri katika jambo lolote, liwe la heri au la shari. Ndiyo maana daraja jipya lilipofunguliwa yeye alivuka kwanza, choo cha soko kilipofunguliwa yeye aliingia kwanza, na wodi ya wazazi ilipofunguliwa alitangulia kulala kitandani, wauguzi wakampa hongera.

Ndipo ilipopitishwa Sheria ya Kuambiana Kweli. Kila mshtakiwa alitakiwa kukaa na wakili wake katika Chumba cha Ukweli, mikono yote minne juu ya meza, ili asipatikane wa kuziba masikio. Kati yao angekaa Mkaguzi wa Ukweli kuhakikisha kwamba kweli imesemwa.

Hapo wataalamu walikumbuka kwamba maneno ya mteja kwa wakili ni siri. Mkaguzi angehakikishaje kitu asichoruhusiwa kukisikia? Walijifungia hotelini siku tisa, wakatoka na jibu. Mkaguzi atawekwa pamba masikioni, na kweli ataitambua kwa macho. Kitabu cha Dalili kilieleza kwamba mtu anayesema kweli hutoka jasho, humeza mate, na huinamisha kichwa. Mwenye dalili zote tatu huandikiwa Hati ya Ukweli, ambayo ilikuwa imechapwa tayari: "Mimi fulani nimekiri kosa la", kisha nafasi. Nafasi ya kuandika "sikufanya" haikuwepo, kwa kuwa wataalamu waligundua kwamba maneno hayo husemwa na kila mtu, na kitu kinachosemwa na kila mtu hakihitaji fomu.

Mwenye Hati aliweza kuombewa dhamana siku hiyo hiyo akasubiri kesi nyumbani kwake, ilimradi anayemwombea ni wakili asiye na hati. Asiye na Hati kesi yake haikusikilizwa, na alikaa rumande mpaka kweli itoke.

Mkaguzi wa kwanza alikuwa Bwana Eliakimu Sifuni, mtu mwaminifu ambaye hakuwahi kuacha mstari wa fomu ukiwa mtupu. Mimi niliajiriwa kuwa Karani wa Pamba. Niliitunza pamba, niliikabidhi, nilisaini imetoka, nilisaini imerudi.

*

Wiki ile ile kiti cha Waziri kilipotea ofisini kwake. Hakikuwa kile cha mninga. Kilikuwa kidogo, cha ngozi, chenye miguu mitano yenye magurudumu na wenzo wa kupandisha na kushusha, zawadi kutoka nchi rafiki.

Nje ya geti la wizara Bi Stumai, mjane wa miaka hamsini na mitano, alikuwa akiuza vitumbua. Ukila kitumbua cha Bi Stumai, cha unga wa mchele na tui zito na iliki ya kutosha, unasahau ulikuwa unaenda wapi. Walimkamata siku ya nne. Mpelelezi aliandika hivi: "Mtuhumiwa alikutwa akiwa amekaa, umbali wa hatua thelathini kutoka mahali ambapo kiti hakipo." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na kigoda kikachukuliwa pamoja na chuma chake cha vitumbua.

Kosa lenyewe lilikuwa la miaka saba. Lakini Bi Stumai hakuwa akihesabu miaka, alikuwa akihesabu siku. Binti yake wa pekee, Mwanaheri, alikuwa amebakiza mwezi mmoja ajifungue mtoto wa kwanza. Nani angemkanda maji ya moto? Nani angempikia uji wa pilipili manga na kumshikia mtoto mpaka arobaini itimie? Hiyo ni kazi ya mama, na mama alikuwa rumande.

Wakili aliyepangiwa na mahakama alikuwa Mansuri Kitojo.

Walikaa. Sifuni alisukuma pamba masikioni, akanionyesha kidole gumba kwamba hasikii. Mimi nilikuwa nyuma yake. Wizara ilikuwa imeleta pamba ya kutosha masikio mawili tu, kwa hiyo yangu yalibaki wazi, na ndiyo maana naweza kuwasimulia mambo haya ambayo hayakutokea.

"Shikamoo, mama," Kitojo alisema.

"Marahaba, baba."

Viganja vya Kitojo vilinyanyuka vyenyewe kuelekea masikioni. Akavirudisha mezani.

"Niambie," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo kazini, kwa hiyo lilitoka pamoja na kikohozi.

"Nikuambie nini?"

"Kweli."

"Yote?"

"Sheria inasema yote."

"Haya. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nageuza vitumbua, nikasikia gurudumu linalia, nyii, nyii. Nikainua macho. Namwona bwana mmoja anasukuma kiti, anatokea geti dogo la nyuma. Akasimama kwangu, akanunua vitumbua vinane, akaviweka juu ya kiti. Akaniambia, mama, hujaniona. Nikamwambia, haya, sijakuona. Akaenda zake."

"Bwana gani?"

"Huyo hapo," alisema Bi Stumai, akaelekeza kidevu ukutani kwenye picha ya Waziri.

Kitojo aliitazama picha. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likafuata pua, likadondoka mezani. Akameza mate kwa sauti. Kisha akainamisha kichwa mpaka tai ikalala juu ya faili. Mimi pia nilitoka jasho, lakini nilikuwa nyuma ya Mkaguzi.

"Bi Stumai," Kitojo alisema akiwa bado ameinama, "naomba uniambie umeiba."

"Nimekwambia kweli, sasa unataka nini tena?"

"Useme umeiba, kisha utoe jasho kidogo. Unapata Hati. Leo jioni nakuombea dhamana unarudi kwa mwanao. Kesi itakuja baadaye, Mungu akipenda itapotea."

Niliona vidole vya Bi Stumai vikicheza mezani kana kwamba vinageuza kitu kwenye moto.

"Nataka sana kutoka," alisema. "Usiku silali nikimfikiria yule mtoto. Lakini nikiwa namkanda ataniuliza, mama, ulitokaje? Nimjibu nini? Na hao wakiniuliza kiti kiko wapi, nitakitoa wapi mimi? Mimi nina kigoda."

Kitojo alifuta uso kwa tai.

"Na mimi sheria inanitaka nikuambie kweli," alisema. "Kweli yangu ni kwamba naogopa. Sijawahi kumsikiliza mteja, na sijui kinachofuata baada ya kusikiliza."

"Hata mimi naogopa, baba. Basi tuko wawili."

Nililipenda sana jibu hilo, nikaliandika pembeni mwa daftari la pamba.

Hapo Bwana Sifuni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Stumai hakuwa na jasho, hakumeza mate, na alimtazama mtu usoni bila kupepesa. Huyo ni mwongo dhahiri, ukurasa wa tano. Upande wa pili dalili zilikuwa zimejaa mpaka mezani. Akaandika kwa hati nzuri: "Mimi Mansuri Kitojo nimekiri kosa la wizi wa kiti." Akapiga muhuri, akatoa pamba, akampa Kitojo mkono wa pongezi, kisha akamwita askari.

*

Kitojo alihitaji dhamana, na ili aombewe dhamana alihitaji wakili. Akaletewa Bi Tausi Lukindo, mwanamke ambaye akipinga hoja huko mahakamani watu wa sokoni huacha kupatana bei. Waliketi katika Chumba cha Ukweli. Kitojo angeweza kukaa kimya, lakini kweli aliyoisikia ilikuwa ya kwanza maishani mwake na ilikuwa ikimwasha mwili mzima. Akaimwaga yote, na gurudumu na vitumbua vinane. Bi Tausi aliitazama picha ukutani. Jasho, mate, kichwa. Sifuni akapiga muhuri.

Wakili wa Bi Tausi alikuja na feni mbili na kopo zima la poda usoni. Jasho lilipotoka lilifanya uji ukamtiririkia kwenye kola. Muhuri. Wakili wa huyo alijizoeza nyumbani kutomeza mate, na kweli hakuyameza, yalimtoka kidevuni, na ukurasa wa kumi na mbili ulisema hiyo ni kweli iliyopitiliza. Mihuri miwili. Aliyefuata alikuwa na ugonjwa wa kutotoka jasho na alikuwa na cheti cha daktari, tukadhani huyo atapita. Alisikia habari, akazimia. Sifuni alipekua kitabu kizima, akaamua kwamba kuzimia ni kuinamisha kichwa kwa mwili wote.

Katika siku kumi na nane mawakili wote thelathini na mmoja wa nchi yetu walikuwa rumande kwa kuiba kiti kimoja. Nani alikuwa amewahi kuona taifa lenye wakweli wengi namna hiyo? Redio ilitangaza idadi yao kila asubuhi baada ya hali ya hewa.

Maisha ya rumande yalichangamka. Asubuhi ungesikia kwenye foleni ya bafu, "Msomi mwenzangu, naomba unipishe."

"Napinga."

"Kwa msingi gani, msomi?"

"Msingi wa kwamba na mimi nimebanwa."

Mkuu wa rumande alikuwa amechoka na uji wa mabonge, akamruhusu Bi Stumai apike. Akawa anaazimwa chuma chake kutoka stoo ya vielelezo kila alfajiri na kukirudisha saa tatu kwa saini. Mawakili walikaa chini uani kumzunguka, wakila na kusimuliana mambo. Kwa kuwa hawakuwa na la kuficha tena, walianza kusikilizana. Nilimwona mzee mmoja wa miaka thelathini katika sheria akilia kwa furaha kwa sababu alikuwa amejua sababu ya mteja wake kuiba mbuzi, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri kuliko uongo wote aliomtungia. Masikio ya Kitojo yalianza kusimama.

Lakini huko nje kesi zilikwama. Wezi walipeleka ujumbe wizarani kulalamika kwamba haki yao ya kuhukumiwa inacheleweshwa. Mmoja alichoka kusubiri akarudisha baiskeli mwenyewe.

Na Mwanaheri alikuwa akituma salamu. Siku ya kumi na tano: "Mama, miguu imevimba." Siku ya ishirini: "Mama, mtoto amegeuka kichwa chini, mkunga anasema bado wiki moja." Salamu hiyo niliileta mimi. Bi Stumai alinisikiliza, akanishukuru, kisha akageuka upande wa ukuta na hakugeuka mpaka vitumbua vikaungua. Roho iliniuma sana, ingawa nilikuwa mtumishi wa Serikali.

*

Siku ya ishirini na mbili Waziri alikuja na matarumbeta. Alileta Kombe la Ukweli awakabidhi mawakili, na kwa Itifaki alijikabidhi yeye kwanza, kisha wao.

"Thelathini na mmoja kati ya washtakiwa thelathini na wawili," alisema. "Taifa limebakiza mtu mmoja tu asiyesema kweli. Nileteeni huyo. Nitamsikiliza mimi mwenyewe, ili mjifunze."

Akaingia Chumba cha Ukweli, akakaa kwenye kiti cha wakili, miguu ikaanza kupunga. Bi Stumai akaletwa. Sifuni akaweka pamba. Mimi nikasimama mahali pangu.

"Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mama. Sema kweli yote, usiogope. Serikali iko hapa."

Alikuwa hamkumbuki. Viongozi huona watu wengi.

"Mheshimiwa, siku ile ulinunua vitumbua vinane."

Miguu ya Waziri ilisimama.

"Ulikuwa unasukuma kiti, gurudumu moja linalia. Ukaniambia, mama, hujaniona. Na kweli nilijitahidi, Mheshimiwa. Siku tatu nzima sikukuona kabisa. Siku ya nne wakanikamata, ndiyo nikakuona tena. Mimi sina ubaya na wewe. Mwanangu anajifungua wiki hii. Nataka kwenda nyumbani."

Jasho la Waziri lilianza chini ya kofia. Akameza mate mara mbili, akainamisha kichwa.

Bwana Sifuni alikuwa mtu mwaminifu, nimesema. Aliona dalili moja, mbili, tatu. Kalamu ilikuwa imeanza kutembea kabla woga haujafika mkononi. Aliandika jina lote pamoja na Mheshimiwa na Dakta, akapiga muhuri, na ndipo akakisoma alichokiandika. Akatoa pamba sikio moja.

"Karani," aliniuliza kwa sauti ndogo, "nimekosea?"

"Mstari wote umejaa, bwana," nilimjibu, na hilo lilikuwa kweli.

Waziri alitaka kuichana hati. Sifuni alimsomea kifungu cha tisa: hati haifutwi ila kwa maelezo ya kweli ya mhusika, yaliyotolewa mbele ya Mkaguzi. Waziri alikitambua kifungu hicho. Alikuwa amekitunga mwenyewe.

*

Hakimu Kasimba aliugua tumbo siku mbili, kisha akapanda kitini. Mbele yake kulikuwa na hati thelathini na mbili.

"Kiti ni kimoja," alisema. "Wezi ni thelathini na wawili. Mahakama imejaribu kuwagawia miguu ya kiti. Miguu ni mitano, na watu ishirini na saba wanabaki bila mguu." Alifuta miwani. "Kwa hiyo Mahakama imesoma Waraka wa Itifaki. Waraka unasema hakuna raia atakayemtangulia Waziri katika jambo lolote, liwe la heri au la shari. Wasomi hawa hawangeweza kuiba kiti kabla ya Waziri. Ingekuwa utovu wa nidhamu. Na baada ya Waziri kukichukua, hapakuwa tena na kiti cha kuiba. Wasomi wote wako huru. Mheshimiwa ametangulia, na Mahakama inampongeza. Atakaa rumande akisubiri kesi yake, maana hakuna wakili asiye na hati wa kumwombea dhamana."

Waziri alianza kusimama apinge, kisha akaona kwamba akipinga atakuwa anaupinga waraka wake. Alikaa.

"Na mimi?" Bi Stumai aliuliza.

"Wewe huna hati, mama. Kisheria hujasema lolote, na kweli ya kiti imeshatoka kwa mwingine. Nenda nyumbani."

Hakungoja matarumbeta. Alichukua chuma chake kutoka meza ya vielelezo, akakitia kwenye kanga, akatoka. Kigoda alikiacha. Alisema wao wanakihitaji zaidi. Mwanaheri alishikwa na uchungu siku ya tatu baadaye, na mama yake alikuwa kando yake amemshika mkono.

*

Kiti kilikutwa sebuleni kwa Waziri, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Kilikuwa kimeshushwa mpaka mwisho.

Waziri alitafuta wakili. Mawakili thelathini walimtazama, wakakumbuka ghafla ile desturi nzuri ya zamani, wakaziba masikio. Kitojo peke yake ndiye aliyekuja. Nilitoa pamba, nikasaini.

"Niambie," Kitojo alisema. Safari hii neno lilitoka vizuri.

Waziri alisema kiti kilimfuata. Kitojo alingoja. Waziri alisema kilikuwa utafiti wa taifa. Kitojo alingoja. Hakukunja uso, hakuandika kitu, alisikiliza tu kama walivyozoea uani wakila vitumbua. Waziri alisema maadui wa maendeleo. Kitojo aliendelea kungoja, na Waziri akaishiwa.

"Wewe umeniona nikikaa?" aliuliza hatimaye.

"Nimekuona."

"Viti vyote vya Serikali vilitengenezwa kwa watu warefu. Miaka kumi na moja miguu yangu inaning'inia mbele ya watu. Kile kilishuka. Niliposhusha mpaka mwisho, nyayo zangu zikagusa sakafu. Nikasema hiki hakiendi kwenye mkutano. Hiki nakipeleka nyumbani, nikae jioni miguu yangu ikiwa chini." Alivuta pumzi. "Ndivyo ilivyokuwa. Nilikichukua mimi."

Aliyasema hayo polepole, akimtazama Kitojo usoni. Hakuwa na jasho. Koo lake lilikuwa limetulia. Kichwa kilikuwa juu, na kusema kweli sikuwahi kumwona amekaa vizuri namna ile. Nilimhurumia, na huruma hiyo sijui niiandike kwenye daftari gani.

Bwana Sifuni alimkagua kwa makini mbele na pembeni. Kisha akaandika: "Hakuna dalili hata moja. Mshtakiwa anaficha. Kesi ya hati ya kwanza isikilizwe baada ya kweli kutoka. Arudishwe rumande."

"Mimi nimemwamini," Kitojo alimwambia.

Sifuni alikuwa bado na pamba. Nilipomwandikia maneno hayo kwenye karatasi, aliitafuta nafasi ya kuyajaza kwenye fomu, juu na chini, nyuma na mbele. Haikuwepo.

*

Siku ya arobaini mtoto alitolewa nje. Alikuwa msichana, mwenye masikio makubwa. Nilialikwa, na Kitojo alialikwa, naye alikuja amebeba kigoda cha Bi Stumai ambacho mahakama ilikuwa imemaliza kukitazama. Siku hizi ofisini kwake wateja wanapanga foleni mpaka barabarani. Hashindi kesi nyingi kuliko zamani, lakini wanasema wakitoka kwake wanatembea vizuri.

Bi Stumai alikuwa kwenye moto akigeuza vitumbua.

"Yule bwana vipi?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba mimi ni Karani wa Pamba na siri za Serikali hazinitoki. Kisha nikamsimulia yote, na nyayo na sakafu, na jinsi alivyosema kweli akaandikiwa kwamba anaficha.

Alicheka mpaka akaweka chini kijiti cha kugeuzia. Mwanaheri akacheka, mtoto akashtuka. Halafu Bi Stumai akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilijua anaikumbuka rumande, na siku aliyogeukia ukuta. Alichagua vitumbua vilivyoiva vizuri, akavihesabu mpaka vinane, akavifunga kwenye gazeti akanipa.

"Mpelekee vikiwa vya moto," alisema. "Mwambie nimemwona."